Masizi Niliyoyafuta Kila Jumamosi

Nilimwita mtu mwizi mbele ya wenzake, saa mbili asubuhi, kwa sababu ya mlio wa pikipiki. Hakuwa mwizi. Na ule mlio ulitoka mahali ambapo ningepaona kwa kuinama tu. Tena nilipaona mara nyingi, nikapapangusa na kuendelea na safari zangu. Nimekaa na jambo hili kifuani muda mrefu. Leo naliandika lilivyokuwa, pamoja na mambo yake ya kiufundi, maana nikiyaruka hayo utadhani mafundi ndio walionipotosha. Mafundi walichangia. Aliyekosa ni mimi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Lushoto, ng'ambo ya Magamba. Juni na Julai huku kwetu ni miezi ya kufundisha umevaa koti, na asubuhi ukungu unaingia darasani pamoja na watoto. Barabara ya kwenda shuleni ni vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika, na mwaka mzima ni kupanda na kushuka. Miaka yote nilikuwa abiria wa bodaboda. Mwezi Mei nikapiga hesabu ya nauli, nikaona ninunue yangu. Mpya ilikuwa juu ya uwezo wangu, nikatafuta iliyotumika.

Muuzaji alikuwa kijana wa kijiwe cha karibu na stendi. Jina lake silitaji. Nimeshalitaja vya kutosha mahali pasipofaa. Pikipiki ile aliichukua kwa mkataba, akawa anampelekea tajiri hesabu kila siku mpaka ikawa mali yake. Sasa alitaka kuiuza apate cha kutanguliza kwenye mkataba wa pikipiki mpya. Ilikuwa ya sentimita za ujazo 125, injini ya mtindo ule wa Honda CG125 wa miaka ya 1970 ambao viwanda vya China vimeunakili mpaka umejaa kila kijiji. Tuliandikiana kwa mwenyekiti wa kitongoji mbele ya mashahidi wawili: shilingi 1,300,000, kadi mkononi.

Siku ya kuikagua niliona kitu kimoja nikakiweka akilini. Nilipogusa ubavu wa injini, ilikuwa ya moto. Nilishasikia kwamba wauzaji wajanja huiwasha injini mapema kabla mnunuzi hajafika, ili kelele za asubuhi zifichike. Ujanja huo upo kweli. Nikamtazama yule kijana usoni, nisimuulize kitu. "Mbona ya moto?" Maneno matatu tu. Nikayameza, yakanichachia tumboni.

Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya kukata masikio, nikavuta choki, nikapiga kiki mara tatu, ikawaka. Tak-tak-tak-tak. Mlio mkavu, mwepesi, kama mtu anagonga kijiko kwenye sahani ya bati. Nikipiga resi, nao unakimbia. Nikipanda mlima unazidi. Kufika shuleni, umefifia. Jioni nikiiwasha tena ingali na joto, kimya. Asubuhi iliyofuata, upo.

Papo hapo nikajiambia: ndiyo maana niliikuta ya moto.

Kabla sijajua mlio unatoka wapi, nilikuwa nimeshajua unatoka kwa nani. Yote yaliyofuata yalipita kwenye mlango huo.

Penye wengi pana mengi, na hakuna penye wengi kama pale inapoegeshwa pikipiki inayolia. Mwalimu mwenzangu alisema ni oili nyepesi, niweke nzito. Nikaimwaga iliyokuwamo, nikatia lita moja ya oili nzito ya gari aliyobakiwa nayo jirani. Mlio haukupungua, na klachi ikaanza kuteleza: injini inanguruma, pikipiki haiendi. Baadaye nikaja kujua kwamba kwenye pikipiki kama hizi klachi inaogelea ndani ya oili ileile ya injini, na oili nyingi za gari zina dawa za kupunguza msuguano, wakati klachi inaishi kwa msuguano. Oili ya pikipiki huandikwa JASO MA kwenye chupa. Nikaimwaga na hiyo pia.

Dereva mmoja wa lori la mboga alisikiliza kidogo, akatikisa kichwa kama daktari, akasema, "Hiyo ni cheni ya taimingi, imelegea." Nilimwamini kwa jinsi alivyotikisa kichwa. Nikaenda duka la spea kuiulizia. Muuzaji akaniuliza ni ya injini gani, nikamwambia. Akacheka mpaka akaegemea kaunta. Injini yangu haina cheni ya taimingi. Kemshafti yake iko chini, inazungushwa na gia, nayo inasukuma fito mbili nyembamba za chuma zinazopanda juu kufungua valvu. Nilikuwa nimekwenda kununulia injini kiungo ambacho haikuzaliwa nacho. Hilo pekee lingetosha kunifundisha kunyamaza. Kumbe debe tupu haliachi kuvuma.

Fundi wa kwanza alikuwa mtu mzima, mwenye banda la mabati kando ya barabara. Alisema tuanze na tapeti. Hilo lilikuwa neno la busara. Kati ya tapeti na mguu wa valvu lazima pawe na nafasi ndogo, kwa sababu chuma kikipata moto kinarefuka. Kwa injini ya aina yangu nafasi hiyo ni milimita 0.08, unene unaokaribia karatasi ya daftari la mwanafunzi, na hupimwa injini ikiwa imepoa. Ikizidi, utasikia tak-tak. Fundi akafungua mfuniko wa juu, akaizungusha injini mpaka pistoni ikafika juu kabisa na valvu zote mbili zimefunga, akachomeka wembe. Wembe ni mnene kidogo kuliko kipimo chenyewe, lakini fila geji ya kupimia haikuwepo na mkono wake ulikuwa mzoefu. Akaseti, akafunga, nikalipa shilingi 5,000.

Asubuhi iliyofuata: tak-tak-tak.

Hapa ndipo linapoanza kosa ambalo siwezi kumbebesha mtu mwingine. Nilirudi bandani nikamwambia, "Kaza zaidi." Yule mzee akanitazama. "Mwalimu, tapeti ikikazwa sana, valvu haitakaa kwenye kiti chake." Nikamjibu kwa sauti ya mtu anayelipa: "Wewe kaza, Mzee wangu. Nataka kelele iishe." Akakaza. Safari hii wembe haukupita.

Mlio ulipungua kidogo, au mimi ndiye niliyetaka upungue. Lakini baada ya wiki mbili tatu yakaja mengine. Asubuhi kiki tatu zikawa kumi. Kwenye mlima niliokuwa napanda na gia ya tatu nikawa natambaa na ya pili. Nikiachia mafuta kwenye mteremko wa kushukia mjini, ekzosi inapasua: pa! pa! Wanafunzi wakaanza kuigiza pikipiki ya Mwalimu wakati wa mapumziko, mmoja anatembea na wa pili nyuma yake anapiga makofi.

Sasa nieleze nilichokuwa naifanyia valvu ya ekzosi, maana baadaye nilikuja kuitumia vibaya. Valvu ya kutolea moshi hukaa kwenye moto mkali kuliko karibu kiungo chochote cha injini. Hupoa zaidi pale inapofunga na kugusana na kiti chake, joto likahamia kwenye kichwa cha silinda. Ukiinyima nafasi, ikipata moto inarefuka, tapeti inaizuia isifunge sawasawa, moto unapenya ukingoni, na ukingo unaungua taratibu. Tapeti iliyolegea kidogo inapiga kelele lakini haivunji nyumba. Iliyokazwa kupita kiasi iko kimya, na kimya chake ndicho kinachokula valvu. Mimi nilinunua kimya hicho kwa pesa yangu, nikapanda nacho milima ya Usambara kila siku ya kazi.

Mwezi Julai nikahamia kwa fundi wa pili, mwenye karakana kubwa na jeki ya kuinulia pikipiki. Kabla ya kwenda nilijifanya fundi mwenyewe. Nilisikia kwamba ukishika bisibisi ndefu, ncha yake ikagusa injini na mpini ukabana kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, utasikia kiungo kwa kiungo kama daktari anavyosikia moyo. Nikafanya hivyo asubuhi moja uani. Nilipoigusisha juu, upande wa mbele, mlio ulikuwa mkali. Nilipoishusha chini kwenye krenki, ulikuwa wa mbali, umefifia.

Fundi aliponiuliza unatoka wapi, nilijibu: "Chini."

Nimelitafakari neno hilo usiku mwingi. Nilisikia juu, nikasema chini. Chini kuna krenki na konrodi, na huko ndiko kwenye gharama kubwa. Gharama ikiwa kubwa, kosa la yule kijana nalo linakuwa kubwa. Sikukaa nikapanga uongo, ulimi ulinitangulia. Lakini ulijua unakokwenda.

Injini ikashushwa. Niliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa nikiangalia, na kila nati iliyotoka ilinipa raha fulani mbaya. Kichwa kilipofunguliwa, fundi akanionesha valvu ya ekzosi: ukingo wake umeungua upande mmoja, mwezi mwembamba wa kijivu. "Huyu aliyekuuzia alikuwa anaitesa," akasema. Kisha akashika konrodi, akaichezesha kushoto na kulia kwenye shingo ya krenki. "Unaona inavyocheza?" Niliona. Tak, tak, mkononi mwake. Nilitamani kupiga makofi.

Leo najua kwamba konrodi kucheza kushoto na kulia ni jambo lililokusudiwa na aliyeitengeneza. Pale ndipo oili inapopita. Ugonjwa ni ikicheza juu na chini, na kwa juu na chini fundi hakuijaribu, nami sikumwomba ajaribu. Nilikuwa nimeshapata nilichokuja kutafuta. Krenki ikapelekwa Tanga kupigwa presi na kuwekwa konrodi mpya. Zikabadilishwa beringi, ringi, valvu na seti nzima ya gasketi. Jumla, pamoja na ufundi, shilingi 285,000.

Siku iliyofuata nilifunga konrodi ya zamani na valvu iliyoungua kwenye gazeti, nikashuka nazo kijiweni. Saa mbili asubuhi vijana wote huwa wapo, wanasubiri abiria wa mabasi. Nilimkuta amekaa juu ya pikipiki yake mpya, ile ya mkataba, nailoni ya kiti haijatolewa. Sikumsalimia. Nilifungua gazeti juu ya tangi lake.

"Wewe ni mwizi," nikasema. "Umeniuzia mzoga. Uliiwasha makusudi ili nisisikie."

Aliichukua valvu akaizungusha vidoleni. Akaitazama kwa makini kuliko nilivyowahi kuitazama mimi. "Mwalimu," akasema taratibu, "mimi hii nilikuwa napanda nayo Mlalo na abiria wawili na gunia. Ingekuwa hivi ingepanda?"

Lilikuwa swali la fundi wa kweli. Injini yenye valvu iliyoungua haipandi Mlalo na abiria wawili. Kama ilipanda mwezi Aprili na haikupanda mwezi Juni, basi kilichoiunguza kilitokea katikati, na katikati hapo pikipiki ilikuwa kwangu. Jibu lote lilikuwa ndani ya swali lake. Mimi nilikuwa na ushahidi kwenye gazeti na nina miaka kumi na tisa ya kunyamazisha darasa. Nikapandisha sauti. Wakakusanyika hata wauza karanga. Katibu wa kijiwe, mgosi mmoja mpole, akatuweka pembeni, na mwisho wa mazungumzo ikaamuliwa kijana anirudishie shilingi 200,000 ili jina la kijiwe lisichafuke. Alinipa 120,000 wiki ile, na 80,000 mwisho wa mwezi. Zote mbili alinipa kwa mikono miwili.

Pikipiki ikawa kimya kama imelowekwa kwenye maji. Kwa wiki kadhaa nilikuwa shujaa wa ofisi ya walimu. Nilisimulia jinsi nilivyomgundua tapeli kwa bisibisi na sikio, na ile sehemu ya kusikia juu nikasema chini niliiruka. Mwezi Agosti mtu mmoja akaleta habari kwamba yule kijana amenyang'anywa pikipiki. Alikosa hesabu siku nyingi, tajiri akaichukua akampa mwingine. Nilikuwa nakunywa chai. Nikasema, "Malipo ni hapahapa duniani." Watu wakaitikia.

Mwishoni mwa Septemba, asubuhi ya baridi, nikapiga kiki. Tak-tak-tak-tak.

Nilisimama uani na kofia ngumu mkononi. Mlio ulikuwa uleule, si ndugu yake. Konrodi mpya, beringi mpya, valvu mpya, ringi mpya, na mlio wa zamani umekaa katikati yao kama mwenye nyumba aliyerudi kutoka safari. Nilijaribu kuukana. Nikabana tapeti, nikaangalia oili. Siku ya tatu nikaenda karakana kabla ya saa moja, nikiisukuma bila kuiwasha ili fundi aisikie ingali baridi. Fundi alikuwa hajafika. Alikuwepo kijana anayejifunza kazi, wa umri wa wanafunzi wangu wa juzijuzi, ambaye bado hajaaminiwa hata kushika kabureta. Kazi yake ilikuwa kuziba pancha.

"Iwashe kidogo, Mwalimu," akaniambia. Nikaiwasha. Hakuleta bisibisi. Alichuchumaa mbele ya injini, akapitisha kiganja karibu na pale bomba la ekzosi linapoingia kwenye kichwa cha silinda, bila kugusa, kama mtu anayetafuta upepo kwenye ufa wa dirisha. Akacheka. Akachukua chupa yake ya maji ya sabuni, ileile ya kutafutia pancha, akamimina kidogo kwenye maungio. "Angalia haraka kabla haijapata moto."

Povu likavimba likapasuka, likavimba likapasuka. Kila tak, kiputo kimoja.

Akaishika nati moja ya ekzosi kwa vidole viwili, akaizungusha. Kwa vidole. Haikuhitaji hata spana. Kisha akaelekeza kidole chini yake, kwenye mapezi ya kupozea injini: doa jeusi la masizi, limetawanyika kama la chini ya sufuria ya kuni. "Hapa moshi unavuja siku nyingi. Hukuwahi kuliona hili?"

Nililiona. Nililiona tangu wiki ya kwanza, mwezi Mei. Kila Jumamosi nilipoosha pikipiki nililikuta doa lile, nikalisugua kwa brashi na sabuni ya unga mpaka alumini ikang'aa, maana sipendi uchafu. Jumamosi iliyofuata limerudi, ninalisugua tena. Injini ilikuwa inaniandikia jibu ubaoni kila wiki, na mimi mwalimu nikawa nafuta ubao.

Akaifungua, akatoa pete ya gasketi, duara la shaba lililobonyea na kuungua upande mmoja. Mpya shilingi 2,000. Spana namba kumi, nati mbili, dakika chache. Tukaiacha ipoe kabisa mpaka mchana, nikapiga kiki. Kimya.

Ndipo kila kitu kikajipanga chenyewe. Injini ya mipigo minne inafungua valvu ya ekzosi mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki. Tapeti nazo zinagonga mara moja kwa mizunguko miwili. Kwa hiyo moshi unaochomoka kwenye pengo la gasketi unapiga mdundo uleule wa tapeti, na sikio linadanganyika kirahisi. Injini ikiwa baridi pengo liko wazi. Chuma kikipata moto kinatanuka, pengo linajibana, mlio unafifia. Mlimani injini inasukuma kwa nguvu, moshi unatoka kwa kishindo, mlio unazidi. Na ile pa! pa! ya mteremkoni ilikuwa hewa iliyofyonzwa kupitia pengo hilo, ikakutana ndani ya bomba na mafuta yasiyoungua. Konrodi iliyolika haifanyi hivyo. Hiyo hugonga kwa sauti nzito, na oili ikipata moto ikawa nyepesi, kelele inaongezeka. Mlio wangu ulikuwa ukiniambia kila siku, kwa kufifia kwake, kwamba konrodi haihusiki. Pistoni iliyolika nayo hugonga asubuhi ikatulia ikipata moto, kwa hiyo fundi wa pili angekuwa na haki ya kuishuku. Lakini kati ya kushuku na kushusha injini kuna chupa ya maji ya sabuni.

Na kwa nini mlio uliisha baada ya matengenezo? Seti ya gasketi ilikuwa na pete mpya ya ekzosi, na nati zikakazwa. Pete mpya ikipata moto inabonyea, nati zinalegea kidogo. Baada ya siku chache inabidi zikazwe tena. Hakuna aliyezikaza. Barabara ya Magamba ikafanya iliyobaki. Tulibadilisha vitu vingi, kimoja kikaponya, tukakipa sifa kilichogharimu zaidi.

Likabaki lile la valvu. Nilirudi bandani kwa yule mzee wa kwanza, nikamuuliza valvu inaweza kuungua ukingo kwa muda gani tapeti ikikazwa namna ile. Hakunijibu kwa muda. Kisha akasema, "Kwa milima hii, haina hata miezi miwili." Akaendelea na kazi yake. Alijua tangu siku ile, nami siku ile nilishaambiwa. Valvu niliyoitandaza juu ya tangi la kijana wa watu, mbele ya wenzake, niliiunguza mimi.

Nilipiga hesabu nyingine. Kwenye mkataba wa yule kijana hesabu yake ilikuwa shilingi 10,000 kwa siku. Laki mbili nilizochukua ni siku ishirini za hesabu. Nilichukua siku ishirini za mtu, nikashangaa kwamba alichelewa siku ishirini.

Nilimkuta mtoni, akiosha pikipiki ya mtu mwingine. Siku hizi ni deiwaka: mwenye pikipiki akipumzika yeye ndiye anayeendesha, na asipopumzika hana kazi. Nilimsalimia kwanza. Nikamweleza yote, mpaka bisibisi, mpaka "chini". Nikampa zile laki mbili kwenye bahasha. Alikausha mikono kwenye suruali, akazihesabu, akaziweka mfukoni. Nikamwambia nilikwenda kwa tajiri wake nikaeleza kosa ni langu, naye akasema pikipiki ina mkataba na mtu mwingine sasa, hawezi kumvunjia.

"Najua," akasema. "Nilishakwenda."

Kisha nikamuuliza lile swali nililolimeza mwezi Mei. Siku ile, mbona injini ilikuwa ya moto?

Akanitazama kama anayetazama mtoto. "Mwalimu, ulikuja saa nne asubuhi. Mimi ni bodaboda. Saa nne pikipiki itakuwa baridi, kwani ilikuwa imelala?"

Sikuwa na la kusema. Nilianza kuomba msamaha kwa mara ya pili, akanikatisha, kwa upole, bila kupandisha sauti. Alisema pesa amepokea na maneno ameyasikia, lakini hapa mtoni yuko yeye na mimi. "Kule ulinisema saa mbili asubuhi, watu wote wapo. Njoo saa hiyohiyo."

Nilikwenda Jumatatu. Niliomba ruhusa shuleni nikasema nina shida ya kifamilia, uongo wa mwisho kwenye jambo hili. Vijana walikuwepo wote, na wauza karanga, na katibu. Nilisimama palepale. Nikasema huyu hakuniibia, na valvu niliyowaonesha niliiunguza mimi mwenyewe, na konrodi ilikuwa nzima, na mlio ulikuwa huu hapa. Nikatoa mfukoni ile pete ya shaba. Ikapita mkono kwa mkono. Mmoja akaiweka kidoleni kama pete ya ndoa, akauliza, "Kwa hiki?" Wengine wakacheka kidogo, wakaacha.

Yeye alikuwa amesimama nyuma, amekunja mikono. Hakucheka wala hakuitikia. Abiria akamwita, na kwa kuwa asubuhi ile hakuwa na pikipiki, akamwelekeza kwa mwenzake.

Katibu akanirudishia pete. "Sawa, Mwalimu, tumekusikia," akasema. "Nati za ekzosi umekaza. Sasa hizi asubuhi anazosimama hapa bila pikipiki, utazikaza kwa spana namba ngapi?"